Deheni Tumboni mwa Kompyuta

Asubuhi niliyotoka nyumbani sikuwa na mpango. Nilitia bisibisi zangu, chupa ya spiriti, pamba na bomba la pesti ya kompyuta ndani ya mkoba, nikavaa buibui, nikamwambia mama naenda mjini. Hakuuliza mji gani. Amenizoea. Tangu nilipoacha shule darasa la saba nimekuwa mtu wa kuondoka: Mpeketoni miezi minne, Garsen mwaka, Malindi mpaka mwenye chumba aliponichoka. Kila nikirudi Matondoni hukaa siku chache, kisha miguu huanza kuniwasha.

Lakini safari hii si miguu iliyonitoa. Jana yake mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na punda wake, na mama akampa lile boksi la kompyuta lililokaa uani miaka yote, juu yake pakiwekwa maji ya kuku. Lilipofungwa kamba mgongoni mwa punda, mama alilipiga kofi kama anayemuaga mtoto mkorofi. "Nenda zako," akaliambia. "Wewe ndiwe uliyenikata na watu wangu." Nikafungua kinywa nimwambie kuwa si boksi. Nikakifunga. Jambo hilo nimeshindwa kulisema tangu utotoni, wala si refu: mama, ni mimi niliyeiua.

Gatini mjini nilimuuliza nahodha wa boti iliyokuwa tayari imewasha mashine inakwenda wapi.

"Kwani wewe wataka kwenda wapi?"

"Inakokwenda."

"Yaenda Kiwayu."

"Basi na mimi naenda Kiwayu."

Akawageukia wenzake. "Leo tumepakia jini," akasema, nao wakacheka, wakanisogezea nafasi karibu na ndoo ya rangi iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki. Nikaibana kwa magoti isianguke. Tulipotoka kwenye maji matulivu boti ikaanza kuruka, mfuko ukalegea, na harufu ikanipanda puani. Chokaa na shahamu. Deheni. Siku hizi vyombo vingi vyapakwa rangi ya dukani, kwa hiyo miaka ilikuwa imepita sijainusa. Nyinyi wa rika langu mliokulia visiwani mnaijua: unga wa chokaa uliopondwa na mafuta ya mnyama mpaka ukawa kama siagi nyeupe, unaopakwa kwa kiganja tumbo la chombo, maji yasiingie na wadudu wasile mbao. Nilikaa nayo magotini ndia nzima, nikarudi kwenye sebule ya Bibi nilipokuwa na miaka tisa.

Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Aliondoka nikiwa na meno ya utoto, akaniacha kwa wazazi wake. Simu yake mwenye nyumba alikuwa ameifungia kabatini, lakini binti wa nyumba ile alimhurumia, akawa anamwazima tableti yake kila Ijumaa baada ya Alasiri. Kwa ajili hiyo mama alituma kompyuta inunuliwe. Fundi Athmani, aliyekuwa na kiduka cha kutengeneza redio na simu mjini, aliileta juu ya punda, akaifunga sebuleni, akatia modemu ndani ya sufuria na kuipandisha juu ya paa, maana huko tu ndiko mtandao ulikoshika. Bibi aliishonea kitambaa chenye maua. Siku nyingine zote ilikuwa imefunikwa kama maiti. Ijumaa ikafunuliwa.

Mimi ndiye niliyeiwasha. Babu alisema mikono yake imezoea nyundo ya kalafati, ile ya kusokomeza pamba kwenye mianya ya mbao, na kwamba kile kipanya cha kompyuta kitamfia mkononi. Bibi hakutaka kuigusa kabisa. Lakini alijipamba kwa ajili yake. Alivaa leso mpya, akapaka wanja, akachomeka asumini nyweleni, kisha akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akingoja uso wa mwanawe, na uso ulipotokea alianza salamu.

"Mwanaidi, u hali gani?"

"Alhamdulillahi, mama."

"Siha yako?"

"Nzuri, mama."

"Kitwa chauma bado?"

"Kimepoa."

"Na mwenye nyumba, ni mzima? Na mkewe? Na wana wake? Yule mdogo alokuwa na kikohozi? Na yule mzee wao? Na jirani wa upande wa kulia?"

Watu ambao Bibi hajawahi kuwaona wala hatawaona aliwaulizia mmoja mmoja, na mama alijibu mmoja mmoja, kisha ikawa zamu yake kuulizia wa Matondoni, nyumba kwa nyumba. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikingoja zamu yangu. Hapo mwanzo ilifika. Kompyuta ilikaa saa nzima bila tatizo, na mimi nikapata dakika zangu za kumwonyesha mama jino lililotoka na daftari langu. Halafu ikaanza kujizima. Mara ya kwanza baada ya nusu saa. Wiki chache baadaye, robo saa. Mwisho ikawa haivuki dakika kumi: inanguruma kama inayopandisha kilima, kisha tii, giza, na mama ameondoka na neno kinywani. Dakika kumi zilikuwa salamu tupu.

"Bibi, fanya haraka, itazima," nilimwambia siku moja.

Akanigeukia kwa mato ya wanja. "Nimrukie mwanangu kama mwizi? Salamu kwanza."

Sikumlaumu. Niliilaumu nti ile ya Uarabuni aliyokuwako mama. Kila Ijumaa, katikati ya salamu, mama alisema, "Huku joto, mama. Joto la huku halina mfano," na siku moja aliposema hivyo nikaweka kiganja juu ya boksi, nikalikuta lawaka kama kikaango. Basi nikajua. Joto la kule lilikuwa likija pamoja na sauti yake, likipita kwenye waya, likijaa ndani ya boksi mpaka linashindwa. Ilinipa raha ya ajabu kuligusa, nikidhani naligusa joto la chumba alichokaa mama. Lakini ndilo lililokuwa likimwondoa. Nilipepea kwa kipepeo cha jikoni mpaka mkono ukafa ganzi. Nililifunga boksi kitambaa kibichi, Bibi akapiga yowe, akakitupa nje. Hakuna kilichosaidia.

Kisha ikaja Ijumaa moja ambayo mama alimkata Bibi katikati ya salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, niwie radhi. Mkataba wangu unakwisha. Ijumaa ijayo nataka niwaulize jambo, nanyi mnijibu, maana Jumamosi natakiwa kutia sahihi. Nataka mnijibu wote. Na mtoto naye nataka anijibu, nataka nisikie yeye mwenyewe ase..."

Tii. Giza.

Bibi alikaa akitazama kioo. "Jambo gani?" akamuuliza Babu.

Babu akasema atamwita Athmani.

Mimi sikulala vizuri wiki ile. Mtoto naye. Nilikuwa na zamu iliyotangazwa, zamu ambayo hata salamu hazingeweza kuila, ikiwa tu kompyuta ingekaa.

Babu alikwenda mjini kumwita Fundi Athmani, naye akaja Jumatano. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. "Nani mwenye kuishika hii?" akauliza. Nikasema mimi. "Basi ndoo, karibia uone, nisije kila mwezi."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza kitu hatua kwa hatua namna ile, na mpaka leo nikifungua kompyuta ya mtu husikia sauti yake. Kwanza chomoa waya ukutani. Kuzima peke yake hakutoshi. Kisha bonyeza swichi mara moja, umeme uliobaki ndani utoke. Ngoja ipoe. Vua bangili. Shika chuma cha boksi, maana na wewe mwenyewe una umeme kwenye vidole, hata kama huusikii, nao waweza kuua kitu kidogo. Akafungua skurubu nne, akazitia kwenye kiberiti kitupu zisipotee. Chini ya feni palikuwa na kipande cha alumini chenye mapezi mengi. Hakukivuta. Alikizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka kikaachia chenyewe, na chini yake nikaiona prosesa, kigae kidogo cha mraba, na juu yake magamba makavu meupe.

"Hii ndiyo dawa yake. Imekauka," akasema. "Imekuwa unga."

Akalowesha pamba kwa spiriti, akapangusa kutoka ukingoni kuja katikati, taka zisitawanyike, akabadilisha pamba, akapangusa tena, upande wa prosesa na upande wa alumini, mpaka vyote viwili vikang'aa. Akaniachia nimalizie pembe moja. Kisha akatoa bomba kama la sindano ya hospitali. "Punje moja ya mtele tu, hapa katikati. Ukikaza skurubu, yenyewe hutandaa. Ukizidisha ni hasara." Akasukuma. Hakikutoka kitu. Akasukuma tena, kikatoka kitone kilichokauka kama uchafu wa jicho. Akasonya.

Nilikichukua kitone kile kwa kidole. Kilikuwa cheupe, kizito. Nilikijua. Nyumbani kwetu kilijaa makopo.

"Ni ya joto hii?" nikauliza.

Alikuwa akifunga begi lake. "Ehe, ya joto," akasema bila kunitazama. Akaacha bonge la pamba na chupa ndogo ya spiriti mezani, akavirudisha vyuma bila kuvikaza. Akamwambia Bibi dawa mpya itakuja na basi la Mombasa, atarudi nayo kesho, au Ijumaa asubuhi kabisa. "Msiiwashe kamwe mpaka nije. Hata kidogo."

Alhamisi hakuja. Nilikaa barazani nikitazama ndia mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Alasiri nikaenda alikokuwa Babu akifanya kazi, chombo kikiwa kimeegemezwa juu ya magogo, naye amelala chali chini yake, anapaka deheni kwa kiganja. Nilichuchumaa.

"Babu, kwa nini mwaipaka chini tu?"

"Chini ndiko kunakoingia."

"Na juu?"

"Juu kwajitazama kwenyewe." Akachota tena, akaipasha baina ya viganja vyake. "Na usiifanyie ubahili. Palipo na mwanya, jaza."

Fundi Athmani alikuwa amekosea, basi. Hilo ndilo nililolifikiria nikirudi nyumbani. Alikuwa kijana wa mjini, hakujua kazi ya vyombo. Alikuwa akipaka juu, tena punje moja, wakati joto laingia kwa chini.

Ijumaa mchana, Babu akiwa msikitini na Bibi akioga kwa ajili ya mazungumzo, nilichukua kopo la deheni chini ya mkeka wa vifaa. Nilifuata kila alichonifunza fundi. Niliangalia waya, umechomolewa. Nilivua bangili. Nilishika chuma. Nilipangusa kwa spiriti kutoka ukingoni kuja katikati. Sijawahi kuwa makini namna ile katika jambo lolote, wala katika sala. Pembeni mwa prosesa palikuwa na kijiti cha chuma kilichobanwa. Nikakiinua, mlango mdogo ukafunguka, nikaitoa prosesa kwa kucha. Tumbo lake lilikuwa na vidoti vya dhahabu, na kitandani mwake mlikuwa na visindano mamia, vyembamba kuliko nywele, na baina ya kila kisindano na chenzake palikuwa na mwanya.

Nilifurahi. Naapa, nilifurahi. Ndio hapa, nikasema, ndipo joto la mama linapoingilia, na yule fundi hata hakupatazama.

Nikaipasha deheni viganjani mpaka ikalainika. Nikalipaka tumbo la prosesa. Nikajaza mianya, nikikandamiza kwa kidole gumba kama Babu, mpaka visindano vyote vikazama. Nikairudisha prosesa, nikakifunga kijiti kwa nguvu kwa sababu kilikataa, nikapaka na juu pia, nikaweka alumini, nikakaza skurubu nne. Deheni ilitokeza pembeni. Nikaisawazisha kwa kidole ipendeze.

Baada ya Alasiri Bibi alikuja na asumini yake. "Mbona Athmani hakuya?" akauliza.

"Imepona," nikasema. "Nimeitengeneza."

Nilichomeka waya, nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Feni ikasimama, ikazunguka tena, ikasimama. Nilibonyeza, nikachomoa, nikachomeka. Babu akaja akakaa mkekani. Saa ya mama ilifika. Niliiona kwenye saa ya ukutani, mshale ukipita pale ulipokuwa ukipita kila Ijumaa, na nikajua kwamba kule, wakati uleule, amekaa mahali na tableti ya watu mkononi, anatuita.

"Labda yeye atusikia," Bibi akasema. "Sisi ndio hatumuoni."

Akajiweka sawa leso, akakikaribia kioo cheusi.

"Mwanaidi, u hali gani?"

Akangoja. Aliacha nafasi ya jibu, ileile nafasi ya siku zote.

"Siha yako? Kitwa?... Na mwenye nyumba? Na mkewe?... Yule mdogo, kikohozi kimemtoka?"

Hakuruka mtu. Aliulizia mpaka jirani wa kulia, akiacha nafasi baada ya kila mmoja, feni ikizunguka na kusimama. Nilitaka kumzuia, sikujua kwa neno gani. Alipomaliza salamu akasema, "Haya, mwanangu, uliza jambo lako. Sote tupo. Na mtoto yupo." Akanivuta mkono, akanisimamisha mbele ya kioo. Niliona uso wangu humo. Chokaa ilikuwa chini ya kucha zangu zote kumi. Babu alizitazama kucha zile, akanitazama mimi.

"Umeshika deheni," akasema.

"Ndiyo."

"Osha kwa mafuta. Maji hayaitoi."

Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine. Sijui alijua kiasi gani. Tulikaa mpaka adhana ya Magharibi, Bibi akakifunika kioo kwa kile kitambaa cha maua, polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala.

Fundi Athmani alikuja Jumatatu na bomba jipya mfukoni. Alikuwa amekwama mjini akingoja mzigo wa Mombasa. Aliinua ile alumini, akasita, akainusa. Bibi alikuwa jikoni.

"Ndoo," akaniita kwa sauti ya chini. "Hii ni nini?"

Nikaficha mikono mgongoni.

"Ya babuyo?"

Nikaitikia kwa kitwa. Akacheka, akauona uso wangu, akaacha kucheka. Akafungua kijiti, akaitoa prosesa, akaigeuza.

"Umepaka chini?"

"Chini ndiko kunakoingia," nikasema, "joto la mama," na hapo ndipo nikalia.

Alishinda pale mpaka adhuhuri. Alisugua kwa mswaki na spiriti, akachokoa kwa sindano ya Bibi, akipuliza kwa mrija, akitafuta kisindano kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vimelala nilipovikandamiza, na vingine vikakatika alipojaribu kuvisimamisha. Mimi nilimshikia tochi. Hatimaye akauweka mswaki chini.

"Nisikize," akasema. "Uliniuliza ni ya joto, nami sikukujibu sawa. Dawa hii haizuii joto. Hulipitisha. Joto halitoki kwa mamako. Latoka humuhumu kwenye prosesa, nalo lataka kutoka nje, liende kwenye mapezi, feni ilipeperushe. Baina yao pana upenyo mdogo wa hewa usioonekana. Dawa yajaza upenyo ule, joto lipate ndia. Ndiyo maana punje yatosha."

Akanishika kidole, akaminya punje moja ya pesti katikati ya prosesa ile iliyokwisha kufa, akanifanya nibandike alumini juu yake na kuikaza skurubu mshazari, hii kisha ile ya mkabala, kidogo kidogo, kisha niifungue nione ilivyotandaa. Ilitandaa vizuri. Alimwambia Bibi, "Imekufa, Bi. Uzee," akakataa chai, akaondoka. Nilianza kwenda dukani kwake tangu mwaka ule, kwanza Jumamosi, kisha siku za shule, kisha shule ikaisha yenyewe.

Kompyuta nyingine haikununuliwa. Baada ya miezi mingi zikaanza kuja habari za mama kupitia simu ya jirani, fupifupi: ametia sahihi, miaka miwili mingine. Katika mwaka wa pili Bibi aliugua wiki moja akafariki, na mama aliambiwa akiwa amesimama jikoni kwa watu, mikono ina sabuni.

Aliporudi nilikuwa nimemfikia begani. Siku ya tatu tulikuwa tukikunja nguo za Bibi ili zigawiwe, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza la kupitisha wakati, ile Ijumaa alitaka kutuuliza nini.

"Nirudi au nibaki," akasema. Alikunja leso moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama angesema nibaki, pesa za paa jipya zilikuwa hazijatimia. Baba angenyamaza. Nilikuwa nikingoja wewe. Nilijiambia, mtoto akisema neno moja tu, 'rudi', sitii sahihi. Nilikaa na tableti ile mpaka yule binti akaja kuichukua. Nikasema basi, wamezoea mimi kuwa huku."

Ningesema pale pale. Leso zilikuwa mikononi mwetu, hakuna mtu mwingine nyumbani. Nilitazama kucha zangu.

Tangu siku ile nimefungua kompyuta nyingi za watu. Nimepangusa magamba meupe katika ofisi, shule, maduka ya kunakili karatasi, na kila mahali nimeweka punje moja katikati, wala sijaunguza hata moja. Nikishaifunga huwa naweka kiganja juu ya boksi na kungoja, na mwenyewe hudhani napima. Halafu mimi huhama mji.

Boti ilifika Kiwayu jua likiwa juu. Tulishukia majini, magoti yakalowa, na mwenye ndoo akaja kuichukua. "Binti, umeikumbatia deheni yangu ndia nzima," akasema. "Wataka nikukatie kidogo?" Nikamwambia nimeshapata yangu. Nilipanda mchangani nikauliza pa kulala, nikaelekezwa nyumba ya Bi Khadija, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mkondo. Alinikagua kutoka kwenye viatu vilivyolowa mpaka mkobani.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sina."

"Amekufa au amekimbia?"

"Hajazaliwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na kazi yako?"

"Hutengeneza simu na kompyuta."

"Hapa kompyuta ni moja, ya shule, nayo yajizima kila wakiiwasha. Watoto wasema ina jini." Akanifungulia chumba cha uani: kitanda cha kamba, mkeka, dirisha dogo. "Lala. Kesho utamtoa jini wao. Ukitaka mtandao, panda kwenye tuta lile la mchanga."

Nilipanda. Nilimpigia mama, naye akapokea mlio wa kwanza.

"Umefika wapi?"

"Kiwayu."

"Kiwayu!" Akavuta pumzi, kisha akaanza. Hali yangu? Siha? Ndia ilikuwa nzuri? Nimepokewa na nani? Bi Khadija ni mzima? Ana wana? Wazima wote? Na majirani zake? Sijui ni lini alianza kuwa Bibi. Nilijibu mmoja mmoja, sikuruka hata mmoja, na watu ambao hata mimi sikuwajua niliwaambia ni wazima. Halafu salamu zikaisha. Ilikuwa zamu yangu.

"Mbona kimya?" akauliza.

Niliweka kiganja nyuma ya simu. Ilikuwa baridi. Chaji ilikuwa imejaa, mtandao umeshika, hapakuwa na kitu chochote duniani kilichokaribia kuzima.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

Upepo ukapuliza mchanga miguuni mwangu.

"Nimepata pa kulala."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha hakukata. Nilimsikia upande wa pili akipumua, akiacha nafasi, akingoja.